Mgongo wa Bwana Harusi

Walimwita Bwana Harusi, na hakuwahi kuoa. Zamani, kichwa chake kikiwa bado cheusi, alishona suti, akaalika mafundi wenzake wote, na shughuli ikiwa mlangoni mchumba akabadili mawazo. Suti ikarudi sandukuni, aibu ikapoa, jina likabaki, kwa sababu mafundi rangi wakishapata jina tamu hawana huruma. Mwanzoni lilimchoma. Mwishowe akawa analiitikia bila kufikiri, na vijana walioingia kazini juzi walidhani anaitwa hivyo kwa kuwa shati lake lilikuwa safi kila asubuhi.

Alikuwa fundi wa dari. Hapo nisikilize vizuri, maana watu hudhani rangi ni rangi. Ukuta anaweza kuupaka hata mwenye nyumba akiwa na Jumapili yake na hasira kidogo. Dari ndilo linalomuumbua mbabaishaji: mkono juu kutwa nzima, shingo imekunjwa, rola inapita bila kuacha mstari, na tone likikuingia jichoni unalifumba jicho hilo na kuendelea na lililobaki. Bwana Harusi alikuwa na mkono wa kulia wa kazi hiyo, na zaidi ya mkono huo hakuwa na kingine cha kujivunia.

Mkono huo ndio ulioponzwa na tambara. Mafundi rangi wana tabia ya kutupia begani tambara lililoloa tina, ile dawa kali ya kusafishia brashi, ili liwe karibu. Kila mmoja wao anajua kwamba si busara, na kila mmoja wao anafanya hivyo hivyo. Siku hiyo fundi wa kuchomelea alikuwa juu ya ngazi akifunga nondo za dirisha, cheche ikaruka, ikachagua bega. Kabla watu hawajamwangusha chini na kumfunika kwa turubai, moto ulikuwa umeshakula shati na kilichokuwa chini ya shati, kuanzia nyuma ya bega la kulia hadi karibu na kwapa.

Alilazwa, akatoka, kidonda kikafunga. Watu wakampa hongera ya kupona, naye akaamini, hadi alipojaribu kuanika shati kwenye kamba na mkono ukagoma njiani. Alijaribu tena. Kitu fulani huko nyuma kilikuwa kimemshika kama mtu anayekuvuta koti usiondoke.

Msimamizi wake alikuwa mtu mwema, wema wa watu wa kazi, ule usiozidi kazi. "Ukumbi wa mikutano unakaribia kwisha," alimwambia. "Dari lake tu ni kazi ya miezi, na nakushikia nafasi. Wakimaliza plasta uje unionyeshe mkono. Ukifika juu, dari lako. Usipofika nitakupa ghala, ulinde makopo."

"Na nikifika karibu?"

"Bwana Harusi, dari haliinami."

Akaenda nyumbani na maneno hayo. Aliogopa, wala hakuna haja ya kulizungushia hilo maneno. Hakuwa na mtoto wa kumtegemea, hakuwa na shamba la kurudi. Kulinda makopo ya rangi ambayo wengine watakwenda kuipaka, aliona afadhali asingezimwa ule moto.

Ndipo akapelekwa kwa muuguzi wa makovu. Muuguzi huyo alikuwa na chumba mwisho wa korido ya hospitali: kitanda chembamba, pazia badala ya mlango, benchi la wagonjwa nje, na ukuta uliojaa mistari ya penseli kuanzia usawa wa kiuno hadi juu, kila mstari ni mahali vidole vya mtu vilipofika. Bwana Harusi alipoingia aliusalimia ukuta kwanza. Rangi yake ilikuwa imepakwa juu ya vumbi, na ilianza kubanduka. Roho ikamuuma kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta, akavua shati.

Muuguzi alibonyeza kovu kwa kidole, akaachia, akatazama. Akabonyeza tena chini yake.

"Hili bado liko kazini, baba," alisema. "Ukilibonyeza linapauka, ukiachia wekundu unarudi mbio. Maana yake bado linajijenga. Lisipoangaliwa litanenepa, litakakamaa, litalivuta bega kokote litakako. Likikandwa kila siku, likapakwa mafuta, likafichwa jua, litalainika, na wekundu utaisha taratibu. Naongelea miezi, siongelei wiki."

"Wekundu wa namna gani?"

"Wekundu tu, baba."

"Wekundu uko wa namna nyingi, mwanangu. Kuna wa tofali, kuna wa kutu, kuna wa nyanya. Nauliza kwa sababu mimi sijauona, uko mgongoni."

Muuguzi akacheka. "Wako ni wa kukandwa. Nyumbani yupo mtu wa kukukanda?"

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Pazia lilikuwa wazi nusu na benchi zima lilikuwa kimya; unawajua watu wa foleni wanavyosikiliza. Angesema hayupo, neno lenyewe fupi. Lakini neno hilo alikuwa amelisema maisha yake yote, kwa wenye nyumba za kupanga, kwa shangazi zake, kwa kila aliyemuuliza shemeji hajambo. Siku hiyo, akiwa ameketi bila shati mbele ya binti wa watu, lilimkwama kooni.

"Yupo," akasema. "Mke wangu."

"Basi umebahatika." Muuguzi akamshika kiganja na kumwonyesha jinsi kidole gumba kinavyotakiwa kukandamiza mpaka ngozi ipauke, kisha kizunguke polepole papo hapo, bila kuteleza. "Umfundishe hivi hivi. Mwambie asikuonee huruma."

"Huruma hana," Bwana Harusi akasema. Benchi likacheka, na yeye akajisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu aungue. Maji alikuwa ameshayavulia nguo, ikabidi ayaoge.

Chumba chake kilikuwa kimoja, cha kupanga, kwenye ua wa watu wengi. Alikuwa amekipaka kwa masalio ya kazi: ukuta mmoja ulikuwa rangi ya benki, mwingine rangi ya shule ya watoto wadogo, wa tatu rangi ya sebule ya daktari mmoja aliyehama. Ukikaa kitandani ulikuwa umezungukwa na majengo ya wenyewe. Jioni hiyo alifunga mlango, akavua shati, akachota mafuta ya mgando, akaupeleka mkono wa kushoto nyuma kupitia juu ya bega. Ukafika ukingoni mwa kovu. Akaupitisha chini ya kwapa, ukafika ukingo mwingine. Katikati hapakufikika.

Mtu hujikuna ajipatapo, wahenga walisema, na wahenga hawakuwa wapumbavu. Bwana Harusi alijaribu kwa mwiko, ukamkwaruza. Alijisugua kwenye kona ya mlango kama mbuzi, na jirani aliyekuwa akipita na ndoo akamuuliza kama kuna kunguni. Ndipo akafikiri kifundi. Alikuwa na rola ndogo mpya, ile ya kupakia pembeni, mpini wake wa chuma. Akaupinda mpini kwa nyundo, akaivika rola kipande cha kitambaa kigumu, akaipaka mafuta, akaitupa nyuma ya mgongo. Ikapita juu chini, juu chini, bila kukwama popote. Alikuwa na furaha ya mtu aliyelishinda tatizo kwa vifaa vyake mwenyewe, na hakukumbuka kwamba rola imetengenezwa kwa kazi ya kutandaza, si ya kukandamiza. Asubuhi na jioni alijipaka mgongo, safu ya kwanza na safu ya pili.

Aliporudi kwa muuguzi, binti wa watu alipitisha kidole, akapitisha tena.

"Baba, huyu mama anakukanda au anakupaka rangi?"

Jasho likamtoka hadi nyuma ya masikio.

"Huku juu pamelainika kidogo," muuguzi akaendelea. "Huku chini pamekakamaa kama kamba ya katani. Na wekundu ni ule ule. Hakandamizi. Anateleza tu."

"Mikono yake migumu," Bwana Harusi akasema. "Anaogopa kuniumiza."

"Si ulisema hana huruma?"

"Siku hizi anayo."

"Basi aje nimwonyeshe mwenyewe."

"Haji. Harufu ya hospitali inamsumbua."

Muuguzi hakukasirika. Alisema wengi wako hivyo, hata mama yake mzazi yuko hivyo. Akatoa tyubu ya jeli ya makovu, akamwekea mkononi. "Mpelekee. Mwambie apake kidogo tu, ikauke kabla hujavaa shati. Na umwambie nampa pole, najua anajitahidi."

Njia nzima Bwana Harusi aliibeba pole hiyo. Alipofika alifungua mlango, akaweka tyubu mezani, na kwa kuwa salamu ni amana na haikai mfukoni, akakiambia chumba, "Umepewa pole." Chumba hakikujibu, lakini hakikuwa kimya kama jana yake. Akajikuta anatabasamu peke yake na mtungi wa maji.

Sisemi alichanganyikiwa. Alijua kabisa kwamba hayupo mtu, na ndiyo maana hakuthubutu kumpa jina. Lakini uongo ukiulisha unanenepa, na huu ulikuwa unalishwa kila miadi. Mke akawa na mikono migumu ya kufua nguo za watu. Akawa si msemaji. Akawa hapendi kukaa gizani, hivyo Bwana Harusi akawa anawasha taa mapema. Jioni, rola ikiwa nyuma, alimlalamikia: leo umesugua ovyo, leo umewahi kuchoka. Alinunua kikombe cha pili na kujieleza mwenyewe kwamba kile cha kwanza kina ufa. Asubuhi alivisuuza vyote viwili, ingawa kimoja hakikuwa kimetumika.

Miadi iliyofuata mke alifiwa na shangazi, akasafiri. Muuguzi akatuma rambirambi. Miadi nyingine alikuwa na homa. Na kovu, ambalo halikuwa na habari na mambo ya shangazi wala homa, liliendelea na kazi yake. Usiku lilimwasha mpaka akalala kifudifudi. Mchana lilimkumbusha kila alipotaka kuchana nywele.

Sasa utauliza, hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwomba? Mafundi wenzake, wangecheka mpaka kesho yake. Jirani wa kike mwenye ndoo alikuwa na mume, na mume alikuwa na mdomo. Akamfikiria kinyozi. Kinyozi akimaliza kukata nywele huwa anamkanda mteja kichwa na shingo, bure, kwa ajili ya kuvuta wateja. Bwana Harusi alienda kukata nywele ambazo hazikuwa zimeota. Alikaa kitini, vidole vya kinyozi vikamshika utosini, vikashuka nyuma ya masikio, vikaingia shingoni, naye akafumba macho. Shingo haikuwa na kovu. Ilikuwa shingo tu, na bado hakutaka vidole vile viondoke, akaona haya.

"Fundi," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha juu cha shati. "Kuna mahali huku nyuma."

"Wapi, mzee?"

Mlango ukafunguka, wakaingia wanaume wawili wakibishana juu ya mpira. Bwana Harusi akakifunga kifungo.

"Hapana," akasema. "Ni nywele tu zimeniingia."

Kinyozi akampangusa kola kwa brashi laini, akapokea hela yake, akamwita anayefuata.

Plasta ya ukumbi ilikuwa inakauka siku aliporudi kwa muuguzi. Msimamizi alikuwa ameshamtumia neno: wiki zilizobaki zinahesabika. Muuguzi naye siku hiyo alionekana amechoka, benchi likiwa limejaa hadi mwisho wa korido. Alimsimamisha mbele ya ukuta. "Pandisha vidole, baba, taratibu."

Vidole vikatembea juu, vikapita mistari ya watu wengine, vikaanza kutetemeka, vikasimama. Muuguzi akachora mstari. Ulikuwa chini ya ule aliomchorea siku ya kwanza. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Mtu aliyepiga mistari ukutani maisha yake yote haambiwi upi uko chini.

Muuguzi aliitupa penseli kwenye trei.

"Baba, mimi nimechoka kumtetea huyu mama," akasema. "Kila siku nasema anajitahidi. Anajitahidi nini? Hapa katikati hapajawahi kuguswa na mkono wa mtu, naona. Mume anakakamaa mbele ya macho yake, kazi inampotea, yeye anaogopa harufu. Hili likiendelea watakupasua upya, na sijui kama mkono utarudi. Mke gani huyu? Mwanamke asiye na moyo kiasi hiki mimi sijapata kumwona."

Na hapo, ndugu yangu, Bwana Harusi akapandwa na hasira. Hakuitafuta, ilimjia. Aliona mikono migumu ya kufua, aliona taa iliyowashwa mapema, aliona kikombe cha pili kimefunikwa juu ya meza, na akaona mtu anatukanwa bila kuwepo wa kujitetea.

"Usimseme," akasema.

"Namsema kwa faida yako."

"Nimesema usimseme, mwanangu. Hana kosa. Kosa ni langu."

"Kosa lako lipi? Si yeye aliyekataa kuja?"

"Hakukataa." Sauti yake ilishuka, lakini benchi lilikuwa kimya na lilisikia. "Hayupo."

Muuguzi akauliza, "Amekuacha?"

"Hajawahi kuwepo. Sina mke. Sijawahi kuwa naye. Najipaka mwenyewe, kwa rola."

Muuguzi akalivuta pazia mpaka mwisho, jambo ambalo angelifanya mapema lingetuokolea mengi. Hakumpa pole na hakumcheka. Akasema, "Lala kifudifudi."

Alilala. Akamsikia muuguzi anafungua kopo, anasugua viganja vyake vipate joto. Kisha kidole gumba cha mtu mwingine kikatua katikati ya kovu, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuwahi kupafikia, kikakandamiza. Iliuma. Iliuma kweli kweli, akang'ata mto. Kidole hakikuondoka. Kilizunguka papo hapo, polepole, kikahama kidogo, kikakandamiza tena. Machozi yalimtoka, naye akashukuru kwamba maumivu yalikuwa sababu ya kutosha.

"Siwezi kukukanda kila siku," muuguzi alisema juu yake. "Benchi unaliona mwenyewe. Lakini wewe si wa kwanza kunifanyia hivi. Kuna mmoja hapo nje ana dada anayemkanda. Na huyo dada naye sijawahi kumwona, na mgongo wa mgonjwa huyo una hadithi kama ya mgongo wako." Akapaza sauti kidogo. "Mpishi, ingia."

Akaingia mtu mnene, mpishi wa shule ya bweni, aliyemwagikiwa na sufuria la maji ya moto kuanzia kisogoni hadi katikati ya mgongo. Alikuwa amesikia yote, kama benchi zima. Muuguzi akamuuliza, "Dada yako hajambo?"

"Hajambo," mpishi akasema. Kisha akamtazama Bwana Harusi aliyelala pale bila shati, macho yamevimba. Akatazama sakafu. "Kusema kweli, dada hayupo."

Muuguzi akawafundisha wote wawili papo hapo, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake. Wakakubaliana: jioni, mpishi akishaosha masufuria yake, atapita chumbani kwa Bwana Harusi, kwa kuwa bwenini anakolala yeye hakuna faragha. Wakaagana kwa kupeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Usidhani walikuwa marafiki mara moja. Watu wazima wawili, mmoja kavua shati, mwingine ana mafuta mikononi, hawajui waangalie wapi. Jioni za mwanzo walizungumzia mvua. Mpishi alikuwa na mikono migumu, mikono ya kukanda unga wa watoto mia, na hakujua nusunusu. Bwana Harusi alijikaza kisabuni, zamu yake ikifika akamrudishia mpishi mateso yale yale. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa walikuwa na viwili. Tatizo lilikuwa rangi.

"Leo rangi gani?" Bwana Harusi aliuliza kila jioni.

"Nyekundu."

"Nyekundu ipi?"

"Nyekundu ya kovu, bwana. Unataka nini?"

"Ikoje? Ya tofali?"

Mpishi akainama na taa. "Kama nyanya iliyolala sokoni siku nyingi."

"Bonyeza, uachie. Inarudi haraka?"

"Inarudi. Lakini leo imekawia kidogo, imekuja kivivu."

Bwana Harusi akatulia. Kwa fundi, hiyo ilikuwa habari tosha. Siku nyingine nyanya ikawa kitunguu, kitunguu kikawa kahawa iliyotiwa maziwa. Kamba ya katani ikalegea uzi mmoja mmoja. Kwa muuguzi mistari ya penseli ikaanza kupanda, ikaupita ule wa mwanzo.

Lakini mpishi akishafunga mlango na kuondoka, chumba kilikuwa kikubwa kuliko zamani. Hilo hakumwambia mtu. Alijaribu kusema kama alivyokuwa akisema, leo umesugua vizuri, na maneno yakarudi yenyewe kutoka kwenye ukuta wa benki na ukuta wa shule. Tangu siku aliyotamka kwa mdomo wake kwamba hayupo, alikuwa kweli hayupo. Taa aliendelea kuiwasha mapema kwa mazoea. Kikombe cha pili akakipa mpishi akinywee, kikawa cha mpishi.

Siku ya ukumbi, msimamizi alimkuta chini ya dari akiwa na rola mpya kwenye mti mrefu. Vijana wakasimama pembeni kutazama. Bwana Harusi aliichovya rola, akaikamua, akauinua mkono. Ulipofika usawa wa sikio ulisita, akasikia nyuma huko kitu kinavuta. Akavuta pumzi. Kitu kikavutika, kikakubali. Rola ikagusa dari, ikaenda na kurudi, ikaacha weupe usio na mstari.

Msimamizi alitazama juu kwa muda. "Utapumzika kila mara," akasema. "Na tambara nikiliona begani kwako nakufukuza. Dari lako, Bwana Harusi."

Vijana wakampigia makofi. Alicheka nao, akapaka hadi jioni, akatembea kwenda nyumbani na shingo imekakamaa na rangi kwenye nyusi. Njiani alikuwa anayapanga maneno. Hakujua anayapangia nani hadi alipofungua mlango, akawasha taa, na kusema kwa sauti, "Nimefika juu."

Akasimama pale pale na kiberiti mkononi. Hakuna kilichojibu. Akaketi kitandani, akaviweka viganja vyake juu ya magoti, na akajisikia mpweke kuliko siku aliyokuwa akiungua, maana siku ile angalau watu walimkimbilia.

Mpishi alimkuta hivyo. Alikuwa amesimama kizingitini na kopo lake la mafuta.

"Nimesikia unaongea. Una mgeni?"

Bwana Harusi angeweza kusema ni redio. "Nilikuwa namwambia mke wangu kuhusu dari," akasema.

Mpishi hakucheka. Aliingia, akarudishia mlango, akakaa nyuma yake, akachota mafuta. Bwana Harusi akavua shati. Kidole gumba kikashuka mahali pake katikati ya kovu, kikakandamiza, kikaanza kuzunguka.

"Alikuwaje?" mpishi akauliza.

Bwana Harusi akafikiri. "Si msemaji. Mikono migumu. Alikuwa hapendi giza." Akaitazama taa. "Lakini hakuna jioni aliyowahi kukosa."

Mpishi alikanda mpaka akamaliza upande wa chini, na upande wa juu, na katikati. Kisha akaufunika mgongo kwa taulo, akaacha mkono wake juu ya taulo.

"Pole kwa msiba, ndugu yangu," akasema.

"Ahsante," Bwana Harusi akasema. "Tumeshapoa."

Akajifuta uso kwa shati, akageuka, akamwambia mpishi avue lake, ilikuwa zamu yake.